Futari si fidia



Ramadhani ni mwezi wa kupunguza, lakini katika miji yetu wengi tumeugeuza mwezi wa kuongeza. Adhana ya Magharibi ikilia tunashindana na sinia: uji, sambusa, mihogo ya nazi, magimbi, tambi na kalimati, vyote ndani ya robo saa. Tarawehe inatukuta tunahema. Tunakula kana kwamba tunadai fidia ya mchana.

Hebu tuitazame Sunna. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, akizikosa, tende kavu, akizikosa hizo, mafunda ya maji. Kwanza kitu kidogo, kisha swala. Madaktari nao wanatueleza kuwa taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo. Mwenye pupa hupitiliza kabla hajajijua. Aliyekwenda kuswali akarudi, njaa imeshapoa, naye hula kwa mkono uliotulia.

Lakini upo upande wa pili, ambao hatuuzungumzi. Wapo ndugu zetu wanaokiogopa chakula. Mtu anakula biriani ya walima Jumapili, Jumatatu anafunga, si kwa kutafuta radhi za Allah bali kwa kujiadhibu. Binti anaitwa "bonge" mbele ya wageni, basi anaacha kula na wenzake na kula usiku kwa kujificha. Mgonjwa wa kisukari kaambiwa na daktari asifunge, naye anafunga kwa kuwaonea watu haya, ilhali Qur'an (2:184-185) imempa mgonjwa ruhusa.

Nasema wazi: huu nao si uchamungu. Salman (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa (R.A.) amejikalifisha kwa kufunga na kusimama usiku, alimkumbusha kuwa nafsi yake nayo ina haki juu yake. Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Na tazameni Surat al-A'raf. Aya ya 31 inaturuhusu kula na kunywa na inakataza israfu. Aya ya 32 inamkemea anayeharamisha vizuri alivyotoa Allah. Aya mbili zinazofuatana zimefunga milango yote miwili.

Basi tufanye nini? Tukae kitako, tuseme Bismillah, tule kilicho mbele yetu, na tukumbuke ile theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikila, asipokitaka alikiacha. Hakuwa na pupa, wala hakuwa na ugomvi nacho.

Kama chakula hakitiwi ila, vipi miili ya watoto wetu? Mzazi anayetaka bintiye ale vizuri aanze kwa kuuchunga ulimi wake. Na futari ikizidi, ipelekwe kwa jirani ingali moto.

Wabillahi Tawfiq.