Mashine haioni dhahabu ya Mjerumani

Swali: Wazee wanasema Mjerumani alizika mali kwenye pango la kijiji chetu. Mashine zenu za kupima ardhi zinaweza kuionyesha?

Barua za namna hii zimetoka Kiomboi, Shelui, Manyoni na Itigi. Nazijibu zote kwa pamoja: haziwezi.

Dhahabu yenyewe ilikuwepo, sibishi. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulianza mwaka 1909. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza baharini, walitumia dhahabu hiyo kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli mjini Tabora. Zilikuwa kama 16,000 hivi, na zilitengenezwa zitumike. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Kwa hiyo dhahabu ya Iramba iliondoka Iramba. Sijasikia sababu ya maana ya mtu kuirudisha na kuifukia chini ya michoro ya mapangoni.

Sasa tuje kwenye mashine. Kipima sumaku hakitafuti kitu. Kinapima nguvu ya sumaku ya dunia, ambayo kwetu Singida ni kati ya nanotesla 30,000 na 35,000, na sisi tunaotafuta mabaki ya kale tunasaka tofauti ya nanotesla chache tu. Udongo uliowahi kuungua hubadilika sumaku yake, ndiyo maana jiko la kale huonekana. Dhahabu haina sumaku. Mpimaji anaweza kupita juu ya chungu kilichojaa rupia asijue lolote, halafu msumari mmoja wa bati ukamvurugia mstari mzima. Anachopata mwishoni ni ramani ya madoa meusi na meupe. Picha ya sanduku haimo. Anayekuonyesha sanduku kwenye simu yake ni tapeli, na yule mwenye vijiti viwili vya shaba "vinavyojigeuza" anavigeuza mwenyewe.

Ningecheka, ila watu hawa wanachimba. Sakafu ya pango lenye michoro ina tabaka za majivu, mifupa na zana za mawe. Usiku mmoja wa sururu ukishachanganya tabaka hizo, hakuna chombo duniani kitakachozipanga upya.

Swali: Je, ni kweli mali hizo zinalindwa na majini?

Zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukichimba bila kibali utashtakiwa na binadamu.

Swali: Mkija, mnaweza kunipimia na kisima?

Hapana. Mbali na sumaku tunapima pia kwa umeme, na umeme tunaopitisha ardhini ni uleule wa wapimaji wa maji, lakini vijiti vyetu huachana kama nusu mita na huona chini kiasi cha mita moja. Maji ya Singida yamo kwenye nyufa za mwamba, chini zaidi. Nenda RUWASA, wakala wa maji vijijini.

Swali: Ardhi yetu ya mawe inapimika kweli?

Kwa shida. Majabali yetu ya matale yana sumaku yake, na radi ikipiga mlima huacha alama ambayo mgeni ataidhania tanuri. Tukitumia rada, mbuga nyeusi humeza mawimbi yake. Mchanga mkavu huyapitisha vizuri. Kiangazi ardhi hukauka hadi umeme haupiti, tukalazimika kumwagia maji kila kijiti. Lakini tanuri la kuyeyushia chuma, hata likiwa limefukiwa lote, hujitokeza waziwazi, na tembe lililoungua nalo huacha alama.

Wanaodhani upimaji huu ni wa magofu ya mawe tu watazame Songo Mnara, kule Kilwa. Viwanja vilivyoonekana vitupu kati ya majumba ya matumbawe vilipimwa kwa sumaku, kisha vikachimbwa palipoonyesha alama. Zikapatikana nyumba za miti na udongo ambazo juu ya ardhi hazikuwa na dalili yoyote.

Swali: Nimelima nikaibua mavi ya chuma na vigae. Niwaletee?

Usilete! Kigae nilicholetewa kwenye mfuko wa rambo hakiniambii kilitoka wapi. Kiache palepale, kipige picha pamoja na kisu au sarafu ili ukubwa wake ujulikane, umweleze afisa utamaduni wa wilaya. Shamba endelea kulilima kwa jembe la mkono, ila trekta lisipite hapo kwanza. Na siku tukija kupima, ng'oa seng'enge, ondoa vipande vya mabati, na usinifuate nyuma ukiwa na panga.