Ukaazi wa Mke Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Swali: Mke wangu ametoka Moyale ya Ethiopia. Tuna miaka minne ya ndoa hapa Buna, na pasi yake ya mtegemezi inakaribia kuisha. Tuihuishe tu?

Jibu: Ndugu yangu, ombeni ukaazi wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu mwenzi wa Mkenya baada ya miaka 3 ya ndoa. Ila pasi isiishe mkisubiri jibu. Ihuisheni mapema kupitia eCitizen. Kama mlifungishwa nikaha bila cheti, kitafuteni sasa, kwani ombi lote linasimama juu yake.

Ndoa ikifika miaka 7, Katiba inampa haki ya kuomba uraia. Hapo afikirie sana, maana Ethiopia hairuhusu uraia pacha. Watoto wenu ni Wakenya tayari, kupitia kwako.