Old Spice: Majibu kwa Wanaolalamikia Kolonya ya Babu

Old Spice ya wanaume iliingia madukani mwaka 1938. Ilitolewa na Shulton, kampuni ya New York iliyoanzishwa na William Lightfoot Schultz mwaka 1934, na tangu mwaka 1990 inamilikiwa na Procter & Gamble. Ni manukato ya viungo: huanza na chungwa kidogo, kisha hutawala karafuu, mdalasini na kungumanga, na mwishoni hubaki vanila yenye harufu ya poda. Chupa yake nyeupe yenye merikebu ya matanga inatambuliwa hata na wasiowahi kuifungua. Maswali yanayoulizwa kuihusu ni mengi, na machache kati yake ndiyo yanayosumbua kweli.

Je, ni kweli kwamba inanukia kizee?

Hakuna kiambato chenye harufu ya uzee. Njia ya harufu kutoka puani hadi sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu ni fupi mno, ndiyo maana aliyelelewa na babu mwenye chupa hiyo humnusa babu kabla ya kuinusa karafuu. Asiyekuwa na babu wa namna hiyo hutaja biskuti, chai ya viungo au pilau. Mitindo nayo imechangia. Davidoff ilitoa Cool Water mwaka 1988, Armani wakatoa Acqua di Giò mwaka 1996, na kwa muda mrefu kijana aliyetaka kunukia kisasa alitafuta harufu ya maji na upepo wa bahari. Viungo vikaachiwa wazee. Hiyo ni hukumu ya soko, haihusiani na ubora.

Mwanamke anaweza kuitumia?

Old Spice ya kwanza kabisa, ya mwaka 1937, ilikuwa ya wanawake.

Kwa nini wengine husema inawakumbusha daktari wa meno?

Kwa sababu ya eujeno, kemikali inayoipa karafuu harufu na ukali wake. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Msomaji wa Pemba hahitaji maelezo zaidi. Huko karafuu huchambuliwa kwa mkono, matumba upande mmoja na makonyo upande mwingine, na makonyo hayo hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Anayesema kolonya hii "inanukia hospitali" amenusa kiambato sahihi, ila amekipa jina la mahali alipokutana nacho.

Mbona haidumu? Baada ya nusu saa hakuna kitu.

Lalamiko hili huja kwa sura nyingi: imechakachuliwa, imetiwa maji, ngozi "inaimeza", chupa ni feki, mkono ulisuguliwa ukavunja harufu. Yote yanastahili jibu moja, nalo ni refu kwa sababu uvumi wenyewe ni sugu.

Kwanza, kolonya haikuundwa idumu kutwa. Kwa kawaida huwa na takriban asilimia 2 hadi 5 ya mafuta ya manukato, na sehemu kubwa iliyobaki ni alkoholi na maji. Losheni ya baada ya kunyoa huwa na kiasi kidogo zaidi. Pafyumu nzito huweza kufika asilimia 20 na kupita. Anayenunua losheni ya baada ya kunyoa kisha akaipima kwa kipimo cha mafuta ya udi kutoka Muscat, yasiyo na tone la alkoholi, ameibebesha mzigo usio wake.

Pili, viambato haviondoki kwa pamoja. Limonini ya maganda ya chungwa huchemka kwenye nyuzi 176 za Selsiasi, eujeno kwenye 254, vanilini kwenye 285. Ngozi haifikii hata robo ya joto hilo, lakini utaratibu wa kupeperuka ni uleule: chungwa hutangulia, karafuu hufuata, vanila hubaki nyuma. Mtu aliyeipenda ile sekunde ya kwanza ataona manukato "yameisha" hali sehemu yake kubwa bado iko shingoni. Joto na jasho la pwani huharakisha safari hiyo.

Tatu, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, pua huchoka. Harufu isiyobadilika huacha kuripotiwa na ubongo baada ya dakika chache. Mchukuzi anayeshinda ghalani kati ya magunia ya karafuu haisikii karafuu, ingawa mgeni akipita mlangoni humjaa pua nzima. Mtu aliyejipaka kolonya usoni, chini kabisa ya pua zake, yuko katika hali hiyohiyo. Kila anapoongeza kwa kudhani imeisha, wenzake ndani ya daladala huteseka. Kipimo cha haki ni kumuuliza mtu aliyetoka nje, au kunusa shati la jana.

Kuhusu kusugua viganja: kusugua hakuvunji molekuli yoyote. Huongeza joto kidogo, na harufu za mwanzo huwahi kuondoka. Basi. Mwenye ngozi kavu atanufaika zaidi akipaka mafuta yasiyo na harufu kwanza, au akijipulizia kwenye nguo.

Ile ya zamani haikuwa bora? Inafaa kutafuta chupa ya miaka ya 1960?

Manukato mengi ya zamani yamebadilishwa, na sababu si ubahili peke yake. Maski ambreti, iliyotumika sana katika manukato ya wanaume, iliachwa baada ya kubainika kuwa huweza kuleta mzio wa ngozi inapopigwa na jua. Eujeno nayo imewekewa viwango na chombo cha kimataifa cha sekta hiyo, IFRA. Anayelilia fomula ya zamani huwa pia analilia vipele vyake, bila kujua.

Chupa kuukuu hainusishi mwaka 1960. Mafuta ya chungwa yaliyokutana na hewa huoza na kuwa makali kwa ngozi, ndiyo maana mwanzo wake hunukia kama rangi ya mafuta. Kimiminika kilichokuwa hudhurungi si lazima kiwe kimekolea, kwani vanilini huwa nyeusi kwa umri. Wauzaji wanaoipandisha bei chupa kwa weusi wake wanauza uzee, si nguvu. Kwa mkusanyaji wa chupa, sawa. Kwa shavu lililonyolewa sasa hivi, hapana.

Inawasha. Ni dalili kwamba inaua vijidudu?

Ni alkoholi kwenye ngozi iliyochunika kwa wembe. Mwasho wa sekunde chache ni wa kawaida. Wekundu unaobaki hadi kesho huweza kuwa mzio, na eujeno na kemikali ya mdalasini ni miongoni mwa visababishi vinavyofahamika. Kuitumia kutibu vipele vya ndevu ni kuviongezea moto. Anayeendelea kuvimba aache kupaka na aende kwa daktari wa ngozi.

Kuna anayeshauri kuongeza mafuta ya karafuu ndani ya chupa ili ikolee.

Asisikilizwe. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza ngozi.

Na yale mafuta ya kupima, "Old Spice halisi", ya vibandani?

Yanaweza kunukia vizuri, na muuzaji anaweza kuwa mwungwana. Lakini kichupa hakina orodha ya viambato, na anayepata vipele hatakuwa na chochote cha kumwonyesha daktari. Kisichoandikwa kilichomo kisipakwe usoni.