MBALANGA SI UKOMA

Wako watu wakataao kula sahani moja na mwenye mbalanga, kwa kudhani kuwa ana ukoma. Dhana hiyo ni dhuluma. Katika mbalanga, kinga ya mwili huziharibu chembe zinazoipa ngozi rangi. Hauletwi na kijidudu, wala hauambukizi. Baka lake huwa jeupe kabisa, na hisia hubaki. Baka la ukoma hufifia tu, nalo aghalabu hufa ganzi. Hata ukoma, ambao kijidudu chake kiligunduliwa na Hansen mwaka 1873, hupona kwa dawa za miezi 6 au 12, zitolewazo bure. Basi mwenye baka na apimwe mapema. Nawe kaa naye, ule naye.