Mfungwa Mwenye Maradhi ya Unga na Siku ya Kutoka Gerezani

Darasa yetu ya leo yahusu jambo ambalo wengi wetu hupenda kulipita huku tumefumba macho. Nalo ni hali ya mtu aliyefungwa gerezani naye ana maradhi ya unga. Je, alazimishwe kuacha, au afunguliwe mlango wa matibabu auingie kwa khiari yake? Na siku atakapotoka, ni nani wa kumpokea? Hapa pwani yetu, toka Mombasa hata Malindi na Lamu, khabari hii si ya watu wa mbali. Walioingia gerezani kwa sababu ya unga ni watoto wetu, na huko hawatakaa milele. Watarudi mitaani kwetu.

KWANZA: KUFUNGIWA SI KUPONA

Watu wengi husema: "Mfungeni miezi sita, atatoka mzima." Maneno haya yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo yenye kuua. Mwenye kutumia unga kwa muda mrefu, mwili wake huuzoea, hata kipimo ambacho kingemuua mtu mwengine yeye humtuliza tu. Akifungwa akaukosa, hushikwa na arosto: hutapika, huharisha, viungo humuuma, usingizi humkimbia. Baada ya siku kadhaa arosto hupungua, na mwili huanza kupoteza mazoea yake. Lakini moyo hausahau. Ile shauku hubaki kama moto chini ya jivu. Basi siku ya kutoka, akikutana na rafiki zake wa zamani, hutumia kipimo kile kile alichokizoea kabla ya kufungwa. Mwili hauwezi tena kukihimili. Pumzi hupungua, kisha hukatika.

Haya hatuyasemi ili kutisha watu. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, wataalamu walifuata khabari za watu 30,237 waliotoka magerezani baina ya mwaka 1999 na 2003. Waliona kuwa katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, khatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 kuliko ya watu wengine wa jimbo hilo, na khatari ya kufa kwa kuzidisha kipimo cha dawa za kulevya ilikuwa mara 129. Zingatia, ewe msomaji: hizo si wiki za kifungo. Ni wiki za furaha, wakati mama amepika pilau ya kumpokea mwanawe.

PILI: KHIARI NA KULAZIMISHWA

Sote tuliopitia vyuoni twajua cheo cha nia katika amali. Na mambo ya matibabu haya nayo yako karibu na hapo. Katika jimbo dogo la Rhode Island, huko huko Marekani, walikuwako wafungwa ambao kabla ya kushikwa walikuwa wamekwisha kwenda kliniki kwa khiari yao wakinywa methadoni, yaani dawa ya kuzuia arosto na shauku ya unga. Kawaida ya gereza ilikuwa kuwapunguzia dawa hiyo mpaka kuikata, watake wasitake. Wataalamu wakawagawa kwa kura mafungu mawili: hawa waendelee na dawa yao, na hawa waachishwe kama ilivyo kawaida. Matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Katika fungu la walioendelea, 106 katika watu 110 walirudi kliniki katika mwezi wa kwanza baada ya kutoka. Katika fungu la walioachishwa kwa nguvu, walirudi 68 katika 87. Maana yake ni wazi: aliyekatiwa matibabu aliyoyachagua mwenyewe hutoka na njia ya kurudi imekuwa nzito zaidi kwake.

Mwaka 2016 magereza ya jimbo hilo yalibadilisha mwendo. Kila anayeingia huulizwa hali yake. Mgonjwa huonyeshwa dawa tatu, methadoni, buprenofini na naltreksoni, na mazungumzo na washauri. Asiyetaka halazimishwi. Anayetaka huanza, na atokapo huunganishwa na kituo cha mjini aendelee pasi na kukatika. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2016, miongoni mwa watu 179 waliokufa jimboni kwa kuzidisha dawa za kulevya, 26 walikuwa wametoka gerezani katika muda wa mwaka mmoja. Katika miezi kama hiyo ya mwaka 2017, walikuwa 9 katika 157. Hesabu hizi ni ndogo, wala hatusemi kuwa zatosha peke yake kukata shauri. Lakini aliye na akili hawezi kuzipita bila ya kusimama.

TATU: SHAKA MBILI NA JAWABU ZAKE

Shaka ya kwanza: "Methadoni nayo si ulevi? Mwamwondoa mtu katika haramu moja na kumtia katika haramu nyengine!" Twajibu: ulevi ni ule unaofunika akili. Kipimo kilichowekwa na daktari, kikanywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, humzuilia mgonjwa arosto bila ya kumlevya mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzoea. Naye huweza kufanya kazi, kusali na kulea watoto wake. Ni kweli kuwa ikichezewa huua, na ndiyo sababu haiachwi ovyo mikononi mwa watu. Hukumu ya unga haikubadilika: ni haramu leo na kesho. Lakini tukumbuke kuwa pombe yenyewe iliharimishwa kwa daraja, hatua baada ya hatua, na Mwenye kuiharimisha ndiye ajuaye zaidi udhaifu wa waja wake. Wala dawa hii si ngeni kwetu: yatolewa Kenya tangu mwisho wa mwaka 2014, ilipoanza katika Hospitali ya Mathari Nairobi, na mwaka 2015 ikafika Malindi.

Shaka ya pili: "Atarudia tu, kwa nini tujisumbue?" Twajibu: huenda akarudia, na kurudia ni katika tabia ya maradhi haya. Wanafunzi wa Hadithi wamjua yule Sahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa ajili ya ulevi, akaadhibiwa. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akashuhudia kuwa ndani ya moyo wa mlevi yule mna mapenzi ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, lakini mlango wa jamaa haukufungwa. Sisi leo twafunga mlango hata baada ya adhabu kwisha.

NNE: LILILO JUU YETU

Katika gereza la Donovan, California, ilianzishwa mwaka 1990 jamii ya matibabu kwa wafungwa waliojitolea wenyewe. Baada ya miaka mitatu ya kutoka, waliokamilisha mafunzo ya gerezani na ya nje pia, waliorudi kifungoni walikuwa 27 katika mia. Wengine wote walifika 75 katika mia. Ni kweli kuwa waliokamilisha ndio waliokuwa na azma kubwa zaidi. Hata hivyo, azma bila ya mahali pa kuipeleka hupotea njiani.

Basi mahali hapo ni sisi. Jamaa wa mfungwa na waijue siku ya kutoka kabla haijafika. Asubuhi yake asafirishwe mpaka kliniki kabla ya kupitia kwa rafiki zake. Wiki mbili za mwanzo asiachwe peke yake. Ipo dawa iitwayo naloksoni, yenye kurudisha pumzi ya aliyezidisha unga. Ulizeni katika kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Wenye maduka na karakana wampe kazi, japo ndogo. Maimamu wamwite kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, si kwa jina la "teja".

Serikali yaweza kufungua mlango wa gereza. Mlango wa pili, wa nyumba na wa msikiti, funguo zake zi mikononi mwetu, na tutaulizwa juu yake.