Shairi na Mashine ya Ngoma: Somo la Mizani 16

Wapo watu wazima mtaani wanaosema mashine zimeua muziki. Wapo na wenzetu darasani wanaosema shairi ni kitu cha mtihani tu. Ukishamaliza karatasi ya tatu, kwaheri. Katika somo hili nitaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea, kwa sababu shairi na mashine ya ngoma huhesabu kwa namna moja.

Kwanza tuelewane kuhusu vyombo. Sintesaiza ni kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, bila uzi wala ngozi. Mashine ya ngoma hutoa sauti za ngoma, upatu na makofi. Sikwensa ni ile sehemu inayokumbuka ulichopanga na kukirudia bila kuchoka.

Mashine ya ngoma iliyopata sifa kuliko zote ni Roland TR-808, iliyotoka Japani mwaka 1980. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Ikutaro Kakehashi, alianza maisha kama fundi wa saa na redio, yaani jamaa ambaye angejisikia nyumbani kabisa hapa Kariobangi. Zilitengenezwa takriban 12,000 tu, na kufikia mwaka 1983 zikakoma. Wengi waliicheka kwa kuwa haikusikika kama ngoma za kweli. Bei ilipoanguka, vijana wasio na pesa wakazinunua kuukuu, na sauti ile iliyochekwa ikawa msingi wa hip-hop.

Sisi wa Eastlands tunaopenda rege tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1981 kampuni ya Casio ilitoa kinanda kidogo, MT-40, chenye midundo iliyopangwa tayari. Mmoja wa midundo hiyo ulitungwa na dada mmoja wa Kijapani, Hiroko Okuda. Kule Kingston, Jamaika, Noel Davey alikuwa na kinanda hicho na rafiki yake Wayne Smith alikuwa na sauti. Wakaungana, wakaenda kwa mtayarishaji King Jammy, na mwaka 1985 ikazaliwa ridimu ya Sleng Teng iliyobadilisha rege yote. Angalieni hapo: kinanda cha mmoja, koo la mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa kwetu, Kalamashaka wa Dandora walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba Kiswahili kinaweza kurapu bila kuomba ruhusa ya lugha nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtayarishaji Clemo na msanii Jua Cali wakaivumisha genge kupitia Calif Records, jina lililotoka mtaa wa California. Kufikia wakati huo kompyuta zilikuwa zimeingia. Programu ya FruityLoops, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997, iliweka kwenye kioo vijisanduku 16 mfano wa vile vitufe vya TR-808.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Kwa nini 16? Baa moja ina midundo minne, na kila mdundo hugawanywa mara nne. Nne mara nne ni 16. Na mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani mingapi? Minane ya ukwapi na minane ya utao, jumla 16! Chukueni mshororo huu niliotunga:

Umoja nimesimama, Kayole nasikilizwa.

Chora vijisanduku 16 daftarini, uweke silabi moja katika kila kimoja. "U" inakaa ya 1, "Ka" inakaa ya 9. Piga ngoma nzito, ile vijana wa studio huiita kiki, kwenye 1 na 9. Sikia: kila kipande kinafunguliwa na kiki yake. Kisha weka ngoma kavu, yaani snea, kwenye 5 na 13, na upatu kwenye namba zote witiri. Hiyo tayari ni biti.

Lakini bado haijawa ya Kiswahili. Mkazo wa neno letu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: nimesiMAma, nasikiLIzwa. Kwa hiyo karibu kila kipande cha mizani 8, isipokuwa kikiishia kwa neno la silabi moja, hubeba mkazo kwenye ya 7. Na katika mshororo mzima ni ya 7 na ya 15. Ongeza kiki hapo. Utasikia mashine inafuata ulimi wako, si wewe unayeikimbiza mashine. Hapo ndipo wengi huharibu: wanakopa biti ya kigeni, halafu wanayavunja maneno ili yatoshe.

Jambo jingine ni mwendo. Kwa midundo 90 kwa dakika, baa moja huchukua sekunde 2.7 hivi. Kutamka silabi 16 humo ni kurapu. Ukitaka kuimba, ipe kila mizani vijisanduku viwili, mshororo ujaze baa mbili.

Wenzangu, mitaani mwetu mwenye kinanda mara nyingi hana maneno, na mwenye maneno hana kinanda. Asiye na chochote ana dawati, kalamu na mguu wa kukanyagia kiki. Chama chetu kina maneno tele. Tusiyafungie kabatini kungojea mtihani.

Zoezi:
1. Tunga ubeti mmoja wa tarbia wenye mizani 16 kila mshororo, uuchore kwenye vijisanduku.
2. Tia alama silabi zote zenye mkazo. Ni zipi zimekutana na ngoma?
3. Mtafute mwenzako mwenye kinanda au programu ya biti kwenye simu, muupige pamoja ubeti huo. Kituo kikifika, zimeni ngoma zote, sauti ibaki peke yake.