Simu Inapopotea Njia: Jinsi Hitilafu za Simu za Intaneti Zinavyotafutwa

Ofisi nyingi za umma siku hizi hazitegemei tena waya wa simu wa zamani. Mazungumzo husafiri katika mtandao uleule unaobeba barua pepe na taarifa za makusanyo. Mfumo huu hupunguza gharama, lakini una maradhi yake. Muuguzi wa zahanati hupiga simu ya rufaa ikakatika kabla ya kuita, au mkazi hupigia ofisi ya ardhi, akajibiwa na ofisi ya mifugo. Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hizo, namna mafundi wanavyozitafuta, na jinsi taarifa yako inavyoweza kufupisha kazi hiyo.

Seva wakala ni nini?

Seva wakala ni kompyuta inayopokea maombi ya simu na kuamua yaelekezwe wapi. Kazi yake inafanana na ya karani wa masjala: hajibu barua, bali husoma anwani, hutazama daftari, kisha huipeleka kwa mhusika. Mitambo hii huwasiliana kwa itifaki iitwayo SIP, ambayo kanuni zake za msingi zilichapishwa mwezi Juni 2002.

Kila simu ya mezani inapowashwa hujiandikisha kwenye seva na kueleza inapatikana wapi. Uandikishaji huo una muda wake, na usipohuishwa jina hufutwa daftarini. Mtu anapopiga, simu yake hutuma mwaliko. Seva huitafuta namba daftarini na kuupeleka mwaliko mbele. Sauti yenyewe kwa kawaida haipiti kwenye seva wakala, bali husafiri kwa njia yake baina ya simu mbili. Ndiyo maana simu yaweza kuita vizuri, ikapokelewa, na bado pasisikike neno.

Namba za majibu na maana zake

Seva haikatai simu kimyakimya. Hutoa jibu lenye namba, na namba hiyo humwonyesha fundi pa kuanzia:

- 404: namba iliyopigwa haijulikani. Fundi hukagua daftari na kanuni za uelekezaji.
- 408: mwaliko umetumwa, jibu halikurudi kwa wakati. Aghalabu mtandao au umeme umekatika upande wa pili.
- 480: mpokeaji hapatikani kwa sasa. Huenda simu yake haijajiandikisha.
- 483: mwaliko umepita vituo vingi kupita kiasi. Kila mwaliko hupewa idadi ya vituo, kwa kawaida 70, nayo hupungua kila unapopita. Ikiisha, ni dalili kwamba seva mbili zinarushiana simu ileile.
- 486: mpokeaji anazungumza na mtu mwingine. Hii si hitilafu.

Kanuni moja mbaya yaweza kugharimu maisha

Tuchukue mfano wa wilaya iliyozipa ofisi zake namba za ndani kuanzia 100 hadi 199. Seva imeagizwa hivi: namba yoyote ya tarakimu tatu inayoanza na 1 ibaki ndani. Kanuni hiyo huonekana sahihi hadi usiku moto unapozuka na mlinzi kupiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa kutii agizo, seva huitafuta 114 miongoni mwa ofisi. Ikiikuta, simu huita katika chumba kilichofungwa. Isipoikuta, hurudisha 404. Namba ya dharura 112 hupatwa na yaleyale.

Tiba yake ni rahisi. Seva nyingi husoma kanuni kwa mfuatano na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana. Kwa hiyo kanuni ya namba za dharura huwekwa juu ya nyingine zote, na namba za ndani huanzishwa kwa tarakimu nyingine. Kosa linalofanana na hili ni la umbo la namba: mpigaji huanza na sifuri, ilhali kampuni ya simu inayopokea inataka 255. Seva isipobadilisha umbo hilo, simu za nje hukataliwa hata kama zile za ndani ni salama.

Hatua za kutafuta hitilafu

Kwanza, fundi hupima umeme na mtandao katika ofisi husika. Pili, huthibitisha kwamba simu zote mbili zimejiandikisha. Tatu, hufungua kumbukumbu za seva za saa ya tukio na kusoma namba ya jibu. Nne, huufuata mwaliko kituo hadi kituo, akitazama kanuni iliyotumika. Tano, akibadilisha kitu, hubadilisha kimoja tu, kisha hupiga simu ya majaribio. Akibadilisha vitatu kwa pamoja, hatajua kilichoponya.

Dalili mbili zina chanzo maalumu. Upande mmoja usiposikika, mara nyingi rauta imeficha anwani ya ndani ya simu, na sauti inatumwa mahali pasipofikika. Nayo simu ikikatika kila mara baada ya takriban sekunde 32, uthibitisho wa kupokelewa haufiki kwa mpokeaji: simu yake hurudia kuuomba kwa muda huo, kisha hukata tamaa.

Wajibu wa mwananchi

Ukikutana na tatizo, toa taarifa kwa Mtendaji wa Kata au Kitengo cha TEHAMA ukieleza mambo manne: siku na saa ya tukio, namba uliyopiga, namba uliyotumia, na ulichosikia, yaani ukimya, mlio wa kukatika, ofisi isiyohusika au sauti ya upande mmoja. Kauli kwamba “simu zenu hazipatikani” humwachia fundi kumbukumbu za siku nzima. Saa kamili humpeleka kwenye mstari mmoja. Aidha, usipige namba za dharura kwa kujaribu tu, kwani unaweza kumzuilia nafasi mwenye shida ya kweli. Majaribio hayo ni ya mafundi, kwa makubaliano na wahusika.